Kinundu Kilichokuwa Kinanila

Naandika haya pazia likiwa limefungwa, maana hapa Kagarama bado wapo wanaoniona wakashika shavu na kuangua kicheko. Mimi ni mtu wa nyumbani, kazi yangu kubwa ya jioni ni kukaa kwenye kochi nikijitafuna shavu kwa ndani (tabia mbaya, najua), mpaka siku moja ulimi ukagusa kinundu cha mviringo, laini kama harage lililochemshwa, rangi ileile ya shavu, wala hakiumi.

Hospitali daktari akakikata, akasema kinakwenda kutazamwa kwa hadubini. Ningeondoka kimya yangekwisha, lakini nikamfuata muuguzi mlangoni kumuuliza ni kitu gani.

"Usiogope, mama. Hii kitu inakula polepole, hata miaka."

Inakula! Mimi niliyelelewa Mwanza kwa Kiswahili, nisijue kula ni nini? Nikarudi nikiwa maiti inayotembea, nikawaita wanamaombi wenzangu sebuleni, nikawaaga kwa shavu lenye nyuzi. Wakalia. Kilio kikanikolea (hata kufa kuna utamu wake ukiwa na wasikilizaji), nikamgeukia mume wangu mbele ya wote.

"Baba Gasaro, usije ukakaa mpweke. Mchukue Solange."

Solange ni jirani yetu, mjane, alikuwa amekaa palepale. Nilitegemea mume wangu anikemee, alie, atoke nje.

"Sawa," akasema.

Haraka hivyo. Solange akainama, akatengeneza kitenge chake.

Siku ya majibu walinisindikiza wote, wakiimba mpaka koridoni. Daktari akatushangaa.

"Si kansa, mama. Ni nyuzi za kovu zimesongamana chini ya ngozi, hamna chembe mbaya hata moja. Unajing'ata shavu?"

"Lakini muuguzi alisema kinakula!"

Muuguzi akaruka. "Aaa! Nirisema inakura! Gukura, kwa rugha yetu ya hapa ni kukua! Inakuwa mukubwa polepole!"

Korido nzima ikalipuka kwa kicheko. "Mama Gasaro, twende, umebaki mfupa tu!" Wawili hawakucheka: mume wangu na Solange.

Shavu limepona, kujitafuna nimeacha. Siku hizi mtu akiniambia neno lenye R au L namwomba alirudie, hata mara tatu, na kumuaga mtu sitaki tena, nikifa mtaniona. Ila ile "sawa" haina R wala L. Niliisikia vizuri.