Minyoo ya Matumbawe

Matumbawe niliyojifunza mwenyewe kuyafuga katika tangi la kioo, sebuleni kwetu Tarime, yalianza kusinyaa. Nikakosa raha. Kwa kioo cha kukuzia niliona minyoo bapa, yenye rangi ileile ya matumbawe, ikiyala. Nikaandaa maji ya chumvi yenye dawa ya kuyachovya.

Kaka yangu, aliyekimbilia dhahabu kama vijana wote wa mtaani, akaniletea karai lake la kuoshea mchanga wa dhahabu.

“Hilo limeshika zebaki, kaka. Litayaua.”

“Basi lete beseni lako, mwoga wewe.”

Nikamimina dawa katika beseni, nikayatia matumbawe. Akalitikisa polepole, kama yuko machimboni. Minyoo ikaachia, ikaelea.

“Umeona? Tope linatoka, mali inabaki.”

Lakini dawa haiui mayai ya minyoo yaliyoganda kwenye matumbawe. Alipokwenda kunawa, nilikuwa nimeinama tena, nikiyakwangua kwa mswaki.