Samaki Wasiozeeka wa Nyumba ya Mkunga

Mkono wa kulia umezama majini hadi kwenye kiwiko. Wa kushoto umeshika ukingo wa kioo. Mdomoni ameuma kibano kirefu, kile anachopandia majani, na macho amemkodolea samaki mmoja mdogo mwenye mkia wa rangi ya chungwa kana kwamba samaki huyo amemtukana.

"Huyu ni yuleyule?" anauliza, akishakitoa kibano mdomoni.

Kwenye kochi, mzee na mkewe wanatazamana, kisha wanacheka.

"Ni yuleyule, mwanangu," anajibu mke. "Safari hii ni yuleyule kweli."

Mwanamke aliyepiga magoti mbele ya tangi anatikisa kichwa. Haonekani kuamini. Kwa yaliyomkuta katika sebule hii, hakuna wa kumlaumu.

Wateja wanamwita Bi Konokono. Jina wamembandika wao, kwa sababu kila tangi analolitengeneza lazima alitie konokono wawili watatu wa kula ukungu unaoota kwenye kioo. Sababu nyingine anaitaja mwenyewe: hana haraka.

"Kazi hii ukikimbia unaua," anasema. "Maji yana hasira zake. Lazima uyasubiri yapoe moyo."

Kazi yake ni kuwatengenezea watu matangi madogo ya samaki majumbani, yale yenye mimea hai ndani. Chini anatandaza udongo mweusi, juu yake changarawe iliyooshwa mpaka maji yakatoka meupe. Kisha anachomeka majani, moja moja, marefu nyuma na mafupi mbele. Anatia maji, anawasha taa, anaondoka. Samaki hawaingii mpaka wiki kadhaa zipite na mimea ishike mizizi.

"Hapo ndipo ugomvi unapoanza," anacheka. "Mteja anakaa anatazama majani. Siku ya tatu ananipigia simu: 'Bi Konokono, mimi nimelipia bustani ya mchicha?'"

Hakusomea kazi hii popote. Alikuwa mkata vioo katika duka moja la vioo na fremu. Siku moja mteja akaagiza vipande vya kutengenezea tangi, vikakatwa, naye asirudi. Mwenye duka akamwambia avichukue au avitupe. Akavichukua. Akaviunganisha kwa gundi ya silikoni, akajaza maji, akaliweka tangi kando ya kitanda, akalala.

"Niliamka nimelowa mpaka shingoni. Nikajua nimekufa, nipo ng'ambo, na huko ng'ambo kuna mafuriko."

La pili halikuvuja. Jirani akaliona, akalitaka. Jirani wa jirani naye akalitaka. Wifi yake alipopata habari alicheka mpaka akaketi chini. "Wifi, watu wanauza samaki wa kula, wewe unauza samaki wa kutazama? Hao wateja wako watashiba macho?"

Leo kazi hiyo ndiyo inayomlipia nyumba na kumlisha yeye na mama yake. Utajiri hamna. Kuna mwezi mnono na kuna mwezi uliokonda, na wateja wote huja kwa maneno ya mdomo: huyu anamwambia yule. Tangi moja likifa, maneno hayohayo ya mdomo yanageuka moto. Ndiyo maana mkasa wa nyumba hii ulimnyima usingizi.

Wenye nyumba ni fundi saa na mkunga, wote wamestaafu. Mkunga ndiye aliyemwita. Mara ya kwanza aliposikia simuni, "Mimi ni mkunga, nataka kuishi na samaki," Bi Konokono, ambaye anamjua mkunga wa baharini, yule samaki kama nyoka, alidhani ni mtu wa mzaha, akakata simu. Mama wa watu akapiga tena.

Alipofika hakukuta mzaha. Alikuta nyumba kimya. Mtoto wao wa pekee, kijana aliyekwishaanza kazi, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono mitupu juu ya magoti. Mkunga akamvuta Bi Konokono hadi jikoni.

"Nataka kitu kinachotembeatembea humu ndani," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yule baba kutwa anautazama ukuta. Lakini nisikilize, mwanangu. Nikiona kimoja kimekufa, njoo uchukue vyote. Kufa katika nyumba hii kumetosha."

Bi Konokono akafanya kazi yake polepole kuliko kawaida. Alipomaliza kutia samaki, aina ya gapi, wadogo wenye mikia kama vipepeo, akawapa masharti: kila wiki mtoe nusu ndoo ya maji, mrudishe nusu ndoo. Maji ya kurudisha yalale kwanza ndooni bila kifuniko, ile dawa ya bombani itoke, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Mzee akasema kazi hiyo ataifanya yeye. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Mwezi wa kwanza, heri. Alipokuja kupogoa majani akawakuta samaki wote, na mzee amekisogeza kiti chake kutoka dirishani hadi mbele ya tangi.

Mwezi wa pili ndipo mambo yalipoanza kwenda upogo.

Kulikuwa na dume mmoja ambaye pezi la mkia wake lilikuwa na pengo, kama nguo iliyotafunwa na panya. Siku hiyo pengo halikuwapo. "Nikasema sawa, mkia huota." Alipokuja tena, dume yuleyule alikuwa mdogo. "Samaki anakua, jamani. Huyu alikuwa anarudi utotoni!" Baadaye, jike aliyekuwa na doa upande wa kushoto akawa na doa upande wa kulia.

Akauliza, "Mama, hajafa hata mmoja?"

"Hata mmoja," akajibu mkunga haraka.

"Mzee, wote wapo?"

"Wote," akajibu mzee, macho sakafuni.

Bi Konokono akarudi kwake hajui mbele wala nyuma. Mama yake mzazi alipoteza uwezo wa kuona akiwa na umri kama wake, kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa hilo: macho yanaondoka, na kazi inaondoka nayo. Akaenda kwa daktari wa macho. Akasomeshwa herufi ukutani, akazisoma zote mpaka zile ndogo kama sisimizi.

"Macho yako mazima," daktari akamwambia.

"Daktari, nilikuwa naomba yawe mabovu," akajibu. "Kama macho ni mazima, basi kilichoharibika ni kichwa."

Alianza kujishuku hata kwingine. Kwa mteja mmoja aliwahesabu samaki mara nne mpaka yule mteja akamuuliza kama anataka glasi ya maji. Nyumbani alimweleza wifi yake, naye wifi akakunja uso, akafikiri, kisha akatoa hukumu: "Hao samaki wanakutania."

Fumbo lilifumbuliwa bila yeye kutarajia, dukani kwa muuza samaki wa mapambo, ambako huwa anachukua mzigo. Aliomba gapi wenye mkia wa chungwa. Muuzaji akapunga mkono: wamekwisha.

"Wamekwisha vipi? Nani anayewanunua?"

"Kuna mzee mmoja mpole, anakuja na chupa ya chai ndani ya koti, anamtia samaki humo. Na kuna mama mmoja mnene kidogo, anamficha kwenye kikapu chini ya vitunguu. Kila mmoja anataka mkia wa chungwa. Na kila mmoja ananiambia, 'Tafadhali, hata ukikutana na mtu wa nyumbani kwangu, usiseme.'"

Bi Konokono akaomba kiti.

"Nilikaa pale nikacheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka," anakumbuka. "Nilikuwa nimeelewa kila kitu, na papo hapo sielewi kitu. Samaki walikuwa wanakufa. Mzee akitangulia kumwona aliyekufa, anamficha mkewe asije akaumia. Mkewe akiamka wa kwanza, anamficha mzee. Kila mmoja anambeba mwenzake, na hakuna anayejua kwamba naye amebebwa. Sasa mimi niseme nini? Nikisema, nimevunja nyumba. Nisiposema, samaki wataendelea kufa. Na kwanza, kwa nini wanakufa?"

Siku kadhaa alizunguka na swali hilo. Alipowaendea tena, aliandaa maneno njiani, akayasahau mlangoni. Alianza kwa kuuliza habari za maji, akidhani huo ni mlango wa nyuma.

"Mzee, maji unabadilisha?"

"Kila wiki, asubuhi, kama ulivyosema. Yaliyolala ndooni."

Mkunga akageuka. "Asubuhi? Wewe?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Mimi!" mkunga akasema. "Nilijua umesahau. Kila nikija mchana umelala, naikuta ndoo tupu. Nikasema maskini, mawazo yamemzidi. Nikawa nabadilisha mimi, ili usijisikie vibaya."

"Kwa maji gani, mama?" Bi Konokono akauliza.

"Ya bombani. Ndoo si ilikuwa tupu?"

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili tu, na chombo chenyewe kilikuwa kinakaa juu ya meza.

Bi Konokono anasema alifungua mdomo kusema jambo la busara, na kilichotoka ni hiki: "Basi ndiyo maana samaki wenu wanakufa na kufufuka."

Mkunga alimtazama mumewe. Mzee aliitazama chupa ya chai kwenye kabati.

"Wewe unajua wanakufa?" mkunga akamuuliza mumewe.

"Wewe unajua?"

"Nimewafunga kwenye gazeti, nimewatoa kwa mlango wa nyuma. Nililia kule nyuma ili usinisikie."

"Mimi nimewazika kwenye chungu cha ua."

"Ndiyo maana ua lile limenawiri hivyo?" mkunga akauliza, na sauti yake ikakatika katikati ya swali.

Bi Konokono hajui hadi leo kilichofuata kiitwe nini. Walikuwa wanacheka, na walikuwa wanalia, na mzee aliondoka kwenye kiti chake akaja kuketi kando ya mkewe, jambo ambalo Bi Konokono hakuwahi kuliona tangu aanze kuingia nyumba ile. "Alisema, 'Hatukuwahi kumlilia mwanetu pamoja. Hata siku ya maziko ulikuwa upande wako na mimi upande wangu.' Mimi nimesimama pale na kibano mkononi. Nitoke? Nikae? Nikaanza kupogoa majani ambayo hayakuhitaji kupogolewa. Niliyanyoa mpaka tangi likawa kipara."

Akakumbuka sharti la kwanza la mkunga. Alipoona wametulia, akauliza kwa woga kama achukue vyote sasa, kwa kuwa wamekufa.

Mkunga akafuta uso kwa kanga. "Uchukue uende navyo wapi? Tufundishe upya. Na safari hii utufundishe sote tukiwa macho."

Tangu hapo kubadilisha maji kumekuwa kazi ya watu wawili, mmoja akimimina, mwingine akikosoa. Wiki chache zilizopita alikufa samaki mmoja, wa uzee tu. Walimpigia Bi Konokono simu wote wawili, spika imewashwa, wakamwambia kwamba wamemzika.

Leo kuna habari nyingine. Gapi hawatagi mayai, wanazaa watoto wakiwa hai, na wazazi wao huwameza bila haya. Mmoja wa majike walionunuliwa kwa siri aliingia ndani ya nyumba hii akiwa na mimba. Mkunga ndiye aliyeligundua tumbo. Alimtenga kwenye bakuli la kioo, akakaa naye, na sasa juu ya kabati kuna vitoto vyembamba kama kope vinavyokimbizana katikati ya majani.

"Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote," anasema mkunga. "Hawa angalau hawapigi kelele."

Kutokana na vitoto hivyo, Bi Konokono amepata mpango. Anataka mkunga awakuze samaki, yeye aoteshe mimea yake mwenyewe kwenye mabeseni uani kwa mama yake, ili aache kutegemea duka ambalo siku moja lina mzigo na siku nyingine halina. Mimea itapata jua la kutosha au itaungua? Hajui. Mkunga atakubali kuwatoa wanawe wakishakua? Hilo hajui zaidi. Alipomgusia, mama wa watu alilifunika bakuli kwa mkono.

Je, ana hakika kwamba mpango huo utafanikiwa?

Anaufuta mkono wake uliolowa kwenye sketi, kisha anacheka.

"Hakika? Mimi siku hizi sina hakika hata na mkia wa samaki," anasema. "Lakini mabeseni nimeshanunua."