Koti Lisilokodishwa

Mimi hukodisha maleba mjini Kericho, katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Shule huja kwangu msimu wa drama ukikaribia, makanisa huja Pasaka na Krismasi. Mwalimu akinieleza mchezo wake, namchorea kila mhusika kwenye karatasi, kuanzia kofia hadi viatu, na tukikubaliana ndipo natafuta nguo au nashona. Nina ulimi mkali na wateja wangu wanaujua. Anayechelewesha nguo zangu hunisikia kabla hajapanda ngazi.

Mwaka huo mwalimu mmoja wa upande wa Mogogosiek aliniletea mchezo kuhusu baba anayeihama familia yake. Mwishoni binti anamshika mkono wa koti asiondoke, mkono unang'oka, baba anaenda zake na binti anabaki nao. Mchezo wote ulikuwa hapo. Yaliyobaki yalikuwa maneno tu, nami nilimwambia hivyo.

Nilipomchora yule baba, nilijikuta nimechora koti la baba yangu. Lilikuwa la sufu, kahawia, la mitumba, na alilivaa kila asubuhi akipima majani ya watu kwenye kituo cha kununulia chai. Mama alikuwa ameifumua mikono yote miwili akaishona upya kwa uzi maradufu, kwa sababu baba hakuwa na huruma na nguo. Alipofariki nililichukua mimi. Nililitundika kwenye msumari karibu na mlango wa chumba changu cha kazi, na halikuwa la kukodisha. Halikuwa hata la kuguswa.

Basi nikatafuta koti linalofanana nalo, nikaweka viraka vile vile kwenye viwiko, nikaufumua mkono wa kulia na kuushikiza kwa mishono michache mirefu, ili binti akiuvuta uachie. Wanafunzi walilitumia kwenye mazoezi, kisha wakalirudisha niushikize mkono upya. Nililitundika kando ya lile la baba niyalinganishe, nikajisifu kimoyomoyo kwamba hata mama asingeyatofautisha.

Asubuhi ya mashindano mwalimu alikuja kuchukua mzigo nikiwa nawapimia wanakwaya kanzu zao. "Chukua tu, Mwalimu, kila kitu kiko hapo mlangoni," nikasema bila kugeuka.

Mchana niliwafuata hadi ukumbi wa mashindano. Sikosi mchezo ambao nimeuvisha. Nilipofika nyuma ya jukwaa walikuwa wameshaanza, na mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mvulana anayeigiza baba alitoka jukwaani kusubiri onyesho la mwisho, akapita karibu nami, na nikasikia harufu ya baba yangu, moshi wa kuni na majani mabichi ya chai. Nikamvuta mwalimu pembeni.

"Mwalimu, hii koti umetoa wapi?"

"Si ni ile ya mlangoni, Madam? Ulisema nichukue."

"Na ile ingine?"

"Niliiacha. Nilipata ziko mbili, nikajua umetengeneza spea."

Nilitaka kumzaba kofi, nasema ukweli. Nikamweleza kwamba mkono ule hautang'oka hata ukivutwa na ng'ombe. Akalitazama pazia. Shule yake haikuwa imewahi kuvuka mashindano ya kaunti ndogo, na Kericho kulikuwa mbali mno kurudi kuchukua lile jingine. Jukwaani binti alikuwa akigombana na mama yake, sauti yake ikishindana na mvua.

"Sasa tufanye aje, Madam?"

Ningeweza kumvua yule mvulana koti nikaondoka nalo. Lilikuwa langu, na hakuna ambaye angenilaumu. Nililifikiria jambo hilo kabisa, hata nikanyoosha mkono. Halafu nikamwambia mvulana, "Geuka," nikatoa wembe kwenye mkoba.

Alisimama wima, akidhani nimemkasirikia yeye. Uzi wa mama ulikuwa mgumu. Niliukata kidogo kidogo kuzunguka bega. Nikikata kidogo mno, mkono usingetoka na wangechekwa. Nikizidisha, ungeanguka kabla ya wakati wake. Nilikuwa nalia na nilikuwa na hasira, sijui kipi kilitangulia.

"Usiinue hiyo mkono mpaka akushike," nikamwambia. Akaenda.

Nilichungulia pembeni mwa pazia. Binti akamshika. Akavuta. Mkono haukutoka. Mtu mmoja nyuma ya ukumbi akacheka. Binti akavuta tena kwa mikono yote miwili, akiegemea nyuma kwa uzito wake wote, na pamoja na mvua ile nikasikia uzi wa mama ukikatika. Mvulana akaenda bila kugeuka. Binti alibaki ameketi sakafuni, akauweka ule mkono usoni. Hilo hatukuwa tumelipanga. Hakuna aliyecheka tena.

Walifuzu. Wenzake wakiwa bado wanashangilia, msichana aliyeigiza binti alikuja kunirudishia mkono wa koti, ameukunja vizuri. Mwalimu alikuwa ameshamwambia kwamba huko mbele watatumia lile koti lingine, kwa kuwa hili ni la Madam mwenyewe.

"Madam, hatuwezi endelea na hii?" akaniuliza. "Hii iko na harufu ya mtu. Ile ya mazoezi haikuwa na harufu."

"Hapana," nikasema, nikaupokea kwa ukali uliomfanya arudi nyuma.

Kesho yake niliketi na koti mapajani, uzi maradufu kwenye sindano, niushone mkono ule usitoke tena. Miaka yote ambayo koti lilikuwa msumarini sikuwahi kulishika hivyo. Niliogopa kuimaliza harufu. Na yule msichana alikuwa amemlilia baba yangu mbele ya ukumbi mzima, kama nilivyotaka kumlilia mimi siku ya mazishi nikashindwa. Nilikaa na sindano ile mpaka chai yangu ikapoa. Kisha nikauchomoa uzi mmoja sindanoni, ukabaki mmoja tu, nikaushikiza mkono kwa mishono michache mirefu, nikampigia mwalimu simu aje achukue koti. Nikamwonya asithubutu kulifua.