Mwenye Pikipiki Asubiri Nje

Mdomo wangu umeniaibisha, wasomaji, na sina wa kumlaumu. Juma lililopita nilikuwa kijiji cha Mamba, nafundisha malezi ya watoto wadogo katika ukumbi wa kanisa. Akina mama walikuwa wamekwisha kukaa, akaja kijana mmoja na pikipiki yenye kiroba cha tangawizi, mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa kitenge. Nikajua huyu bodaboda katumwa tu kumleta mtoto. Nikampokea mtoto, nikamkabidhi mama aliyekuwa karibu. “Asante kaka, subiri nje. Humu ni kikao cha wazazi.”

Basi nikaanza somo. Niliwasema akina baba mpaka jasho likanitoka: wamewaachia wanawake mzigo wote, hata kuja kusikiliza hawaji. Mtoto yule akaanza kulia, wakampokezana, asinyamaze.

“Kwani mama yake yuko wapi?” nikauliza kwa ukali.

Bibi mmoja akanijibu taratibu, “Mama yake tulimzika, mwanangu. Anayemlea ni baba yake, huyo uliyemtoa nje.”

Nikageuka. Alikuwa amesimama dirishani, kitenge begani, anafuatilia somo.