Jani Lililoinuka Kwenye Mahameli

Shule niliiacha darasa la nne, lakini hapa Rexdale, huku ughaibuni, ukiuliza fundi wa nguo utaelekezwa kwangu. Suti za maharusi, majoho ya wachungaji, makoti ya ngozi, yote yamepita mikononi mwangu, na hakuna lililorudishwa.

Siku moja akaingia mama mmoja wa Kihaudenosaunee, wale waliokuwa na nchi hii kabla ya Wazungu. Akaweka mezani kimto cha kuchomekea pini, cha mahameli nyekundu, kina ndege na majani ya shanga za kioo. Kilishonwa na bibi wa mama yake, kikauzwa kwa Wazungu waliokwenda kutazama maporomoko ya Naiagara. Yeye alikikuta kwenye mnada, akautambua mkono wa bibi huyo, akakinunua. Mahameli ilikuwa imechanika chini ya ndege.

"Kesho nampelekea mama yangu hospitali," akasema. "Macho yamekwisha. Atakipapasa tu."

"Mama, umefika. Hii kwangu ni kazi ndogo. Na hizi shanga zilizolegea nitazikaza zilale vizuri."

Nikashika mkasi. Akanidaka mkono.

"Weka chini! Hazijalegea. Zimeinuliwa."

Mke wangu akacheka kwenye cherehani yake. "Fundi mkuu, leo umepatikana!"

Yule mama hakucheka. Shanga na mahameli, akasema, vililetwa na Wazungu. Vimto vya namna hii mabibi wa Kizungu walivipenda, basi wakashonewa. Lakini kuinua shanga ni ufundi wa watu wake mwenyewe. Ukizilaza, mama yake atapapasa nini?

Nikaanza kushona mpasuko, sindano ikipita katikati ya nyuzi kuukuu. Uzi mmoja ukakatika. Shanga za jani zima zikaanza kuteleza. Nikazibana kwa kidole gumba, jasho likanishuka mpaka puani.

"Usitikisike," akasema. "Mimi vidole vina baridi yabisi. Shona wewe. Kila mshono tia shanga nyingi kuliko nafasi, zikose pa kulala."

Nikatia. Zikalala.

"Fumua."

Nikafumua. Nikaongeza shanga, nikavuta uzi polepole, zikasimama kama mgongo wa paka. Akafumba macho, akapitisha kidole kwenye jani langu, kisha la jirani, kisha akarudi kwenye langu. Akakifunga kimto kwenye skafu yake, akaondoka.

Kesho yake jioni akapiga simu. Mama yake alikipapasa chote, jani kwa jani, na hakuna mahali alipouliza, "Hapa pana nini?"

"Sasa utakula?" mke wangu akauliza, maana tangu jana sikuwa nimegusa chakula.

Nikamwambia alete sahani. Fundi ni mimi.