Siku Niliyomvua Mwigizaji Gauni Mbele ya Mama Mkwe

Naandika mwenyewe kabla hamjayasikia kwa watu wa Bunda, maana wao wataongeza chumvi, na hii aibu ilivyo inatosha.

Magesa, mchumba wangu, alikuja kwangu Nyakato kuniazima gauni langu la kitenge, lile la maua ya njano. Nikamuuliza la nini, akasema, "Utajua tu, Bhoke." Ningeuliza mara ya pili mkasa ungeishia hapo, lakini mimi nikinyamaza ndo naanza kujumlisha: kila Jumamosi anakwendaga Bunda, simu anapokelea nje, na sasa gauni. (Mimi ni mnene, tena sana, gauni langu halimfai mtu mdogo. Kwa hiyo nikajua huko kuna mnene mwingine, na hilo liliniuma kuliko angekuwa mwembamba.)

Jumamosi nikamfuata. Nikajitanda mtandio mpaka puani, nikamwona anaingia ukumbi mmoja karibu na soko, nami nikaingia nikakaa nyuma. Kumbe ni maigizo, na Magesa yuko jukwaani! Hakuwahi kuniambia kama anaigizaga. Yeye ni karani anayempenda msichana mnene, na rafiki zake wanamcheka, "We, huyo ukimwoa utalala sakafuni!" Ukumbi ukaangua kicheko, na siwafichi, hata mimi nilicheka. Kisha msichana mwenyewe akatokea: kijana mwembamba kajazwa mito tumboni na makalioni, anatembea kama bata, kavaa gauni langu.

Sikumbuki nilifikaje mbele. Nakumbuka nimeshika kola, namfokea Magesa, "Kumbe mimi ndo kichekesho chako!" huku navuta, mishono ikaachia, mito ikadondoka mmoja mmoja, kijana akabaki na bukta analia, "Dada, mimi nimevalishwa tu!" na watu wanashangilia wakidhani ndivyo mchezo ulivyo (mmoja alisema huyu mnene wa pili ndiye anayejua kuigiza).

Magesa akaniambia polepole, "Zilibaki dakika tano nimpigie magoti huyu, niwanyamazishe wale wote. Mama yuko pale mbele."

Mama yake! Katoka Butiama. Ndiye aliyenikataa kabla hajaniona, akisema hataki mkwe wa kuziba mlango, na kwa kuwa mtoto hambishii mama yake usoni, Magesa alitaka mchezo umsemee. (Nampa haki yake. Ila na yeye angeniambia, gauni ni langu.)

Yule mama akainuka, nami nikapiga goti kumwamkia, mto mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini, halafu akamgeukia mwanawe. "Nilipojikuta nacheka na wale watu niliona haya. Mwili wake sina neno nao tena. Lakini mtu anayekushuku hivi, mwanangu, utakaa naye vipi?"

Magesa akainama kuokota mito iliyobaki. Usiku ule kucha nilitafuta kosa kwenye maneno ya yule mama, na mpaka leo silioni.

Magesa ameomba nimpe muda. Nami nimejiapia: nikishuku jambo nitauliza, nikijibiwa nitaamini, na mguu wangu haupandi tena jukwaa la mtu. Wiki ya tatu sasa, sijampigia kumuuliza yuko na nani.

Ila jana. Mara moja tu.