Mkono Uliogoma Kwenye Vivinjari Vitatu

Wanafunzi wake, viziwi wote, walimwita kwa ishara ya vidole vinavyocheza hewani. Walimu wenzake wakaitafsiri: Mwalimu Vidole. Kwa miaka minne alikuwa ametengeneza masomo arobaini ya kompyuta, ya kufunguliwa kwenye kivinjari, programu ya kusomea kurasa za mtandao. Mtoto akibofya neno, mkono wa kuchorwa ulijitokeza na kulieleza kwa ishara. Akikosea, ulimtikisia kidole, na darasa zima likavunjika mbavu.

Muhula ulipoanza, shule ililetewa kompyuta mpya badala ya zile za zamani. Mwalimu akafungua somo la kwanza. Mahali pa mkono palikuwa na kisanduku cha kijivu tu.

Alimpigia simu mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, mafundi mmeniharibia nini huku?"

"Hakuna aliyegusa kitu, shemeji. Teknolojia uliyotumia imeachwa. Vivinjari vya siku hizi haviitambui."

"Vyote?"

"Nakuja tujaribu."

Walijaribu mchana kutwa. Kivinjari cha kwanza kilikataa katakata. Cha pili kiliuchora mkono, lakini haukusogea. "Huyu kapooza," fundi akatania. Mwalimu hakucheka. Kwenye cha tatu mkono ulicheza vizuri, ila ukibofya neno hausikii. Mtoto angebaki mtazamaji. Cha nne, kikuukuu, fundi alikitoa kwenye flashi yake, na kila kitu kikafanya kazi. Mwalimu akapiga makofi. Fundi akatikisa kichwa.

"Sema basi."

"Hiki hakijafanyiwa marekebisho miaka mingi. Kuingia nacho mtandaoni ni sawa na kulala mlango wazi."

Mkuu wa shule hakutaka hata kusikia. Baada ya kubembelezwa sana aliruhusu kompyuta moja ya zamani, isiyounganishwa na mtandao, iwekwe pembeni ya darasa. Watoto walikuwa thelathini na wawili. Foleni ilifika mlangoni, na kengele ililia wengi hawajaigusa.

Siku moja msichana wa darasa la mwisho alimvuta mwalimu kwenye kompyuta mpya, akakionyesha kile kisanduku cha kijivu. Akauliza kwa ishara: "Mkono unaumwa?"

"Unapona," mwalimu akajibu kwa ishara, uso ameugeuzia dirishani.

Alianza kujifunza njia mpya ya kuandika kurasa, ile inayoeleweka na vivinjari vyote. Kila somo alilijaribu kwenye vile vivinjari vitatu vya kwanza; likikubali huku, linakwama kule. Mara mbili alilia mbele ya fundi, na fundi akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Hadi mwaka unakwisha alikuwa amemaliza masomo sita. Darasa la mwisho lilifanya mtihani wa kusoma hivyo hivyo, na wanne wakaanguka, yule msichana akiwemo. Mumewe alimwambia asijilaumu, kwani hata mwaka uliotangulia walianguka wawili.

"Wawili," mwalimu alisema. "Hawakuwa wanne."

Kesho yake aliwahi shuleni, akawasha kompyuta na kuanza somo la saba.